Msumeno wa Kaboni: Uhakiki wa Bei ya Vibali na Tozo ya Mpakani katika Viwanda vya Ulaya

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza nyenzo mbili ambazo Umoja wa Ulaya unazitumia kupunguza hewa ukaa itokayo viwandani, yaani bei ya kaboni inayotokana na biashara ya vibali, na tozo inayodaiwa mpakani kwa bidhaa zilizotengenezwa nje. Hoja kuu ni kwamba nyenzo hizi ni sheria moja yenye makali mawili. Uhalali wa tozo kwa mgeni unategemea kiasi ambacho mwenyeji naye anaacha kupewa vibali vya bure. Uhakiki unaonesha kwamba kwa miaka ishirini bei ya kaboni ilibadili uzalishaji wa umeme kuliko uzalishaji wa chuma na saruji, kwamba ratiba ya kuondoa vibali vya bure kati ya 2026 na 2034 imeacha sehemu iliyo ngumu hadi mwaka 2030, na kwamba kuna maeneo matatu ambamo sheria hii inakata upande mmoja tu. Mfano wa alumini ya Msumbiji umetumika kufafanua hoja.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Usemi huu unatoa kipimo cha haki kinachoweza kutumika kwa sheria yoyote: je, inamgusa aliyeitunga kama inavyomgusa aliyetungiwa? Tangu tarehe 1 Januari 2026, waagizaji wa chuma, alumini, saruji, mbolea, umeme na haidrojeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya wanawajibika kulipia hewa ukaa iliyotoka wakati bidhaa hizo zikitengenezwa huko zilikotoka. Wajibu huo umewekwa na Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 2023/956 ya tarehe 10 Mei 2023, iliyoanzisha Utaratibu wa Marekebisho ya Kaboni Mpakani, ambao kimataifa unafahamika kwa kifupi kama CBAM. Katika uhakiki huu utaratibu huo unaitwa tozo ya mpakani, ingawa waandishi wa Kanuni wenyewe wamejitahidi kuepuka maneno kodi na ushuru.

Mjadala kuhusu tozo hii umegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza unaisifu kuwa ni hatua ya lazima ya kuzuia viwanda visihamie kwenye nchi ambako kuchafua hewa hakuna gharama. Upande wa pili unaiona kuwa ni ukuta wa biashara uliovishwa kanzu ya mazingira. Pamoja na tofauti zao, pande zote mbili hutazama mpaka. Uhakiki huu unadai kwamba kipimo cha tozo kiko ndani ya Ulaya kwenyewe, kwenye matanuri ya chuma na ya saruji ambayo kwa miaka mingi yalipewa ruhusa ya kuchafua bila kulipa. Ruhusa hiyo ikiondolewa kama ilivyoahidiwa, tozo ya mpakani itakuwa na msingi wa kuitetea. Ikiongezewa muda, tozo itabaki kuwa ushuru wa kulinda viwanda vya nyumbani, hata kama Kanuni haitabadilishwa neno.

2.0 Usuli wa Bei ya Kaboni barani Ulaya

Wazo la kumtoza mchafuzi gharama anayowabebesha wengine lina asili yake katika kazi ya mchumi Mwingereza Arthur Pigou, iliyochapishwa mwaka 1920. Pigou alipendekeza kodi. Mwaka 1968 mchumi wa Kanada, John Dales, alipendekeza njia nyingine: serikali iweke kikomo cha uchafuzi, igawe kikomo hicho katika vibali, kisha iwaachie wachafuzi wauziane vibali hivyo. Marekani iliitumia njia ya pili katika sheria yake ya hewa safi iliyorekebishwa mwaka 1990, kwa ajili ya kupunguza salfa itokayo kwenye mitambo ya umeme.

Ulaya ilianza na njia ya kwanza. Mwaka 1992 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza kodi ya kaboni na nishati. Pendekezo hilo lilikwama, kwa kuwa masuala ya kodi yanahitaji ridhaa ya nchi zote wanachama. Vibali vilifuata njia nyepesi zaidi. Vilihesabiwa kuwa sera ya mazingira, hivyo vikaweza kupitishwa kwa wingi wa kura. Agizo Na. 2003/87 lilianzisha Mfumo wa Biashara ya Vibali, ambao ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Leo mfumo huo unahusisha nchi 27 za Umoja wa Ulaya pamoja na Iceland, Liechtenstein na Norway.

Usuli huu una maana kwa uhakiki. Mfumo wa vibali ulichaguliwa kwa sababu ulipitika kisiasa, na ili upitike viwanda vilipewa karibu vibali vyote bure. Katika awamu ya kwanza, 2005 hadi 2007, vibali viligawiwa kupita kiasi. Ilipobainika mwezi Aprili 2006 kwamba viwanda vilikuwa na vibali vingi kuliko uchafuzi wao, bei iliporomoka, na kufikia mwaka 2007 kibali kilikuwa karibu hakina thamani. Msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 ulipunguza uzalishaji na kuacha akiba kubwa ya vibali sokoni, kiasi kwamba mwaka 2013 kibali cha tani moja kiliuzwa kwa chini ya yuro 5. Ni baada ya marekebisho ya mwaka 2018, na kuanza kwa hifadhi ya kusawazisha soko mwezi Januari 2019, ndipo bei ilipopanda kwa dhati. Mwezi Februari 2023 ilivuka yuro 100 kwa mara ya kwanza, kisha ikashuka. Mwaka huohuo lengo la mfumo liliongezwa. Uchafuzi wa sekta zinazohusika unatakiwa upungue kwa asilimia 62 ifikapo 2030, ukilinganishwa na mwaka 2005. Lengo la awali lilikuwa asilimia 43.

3.0 Vibali vya Bure na Tanuri Lisiloguswa

Kwa jumla mfumo umefanikiwa. Uchafuzi wa sekta zake umepungua kwa takriban nusu tangu 2005. Hata hivyo, jumla hiyo inaficha tofauti kubwa. Sehemu kubwa ya upungufu ilitoka kwenye mitambo ya umeme, ambako makaa ya mawe yaliachia nafasi gesi, upepo na jua. Viwanda vizito vilipunguza kidogo zaidi, na katika awamu ya tatu, 2013 hadi 2020, uchafuzi wao ulibaki karibu palepale.

Sababu moja ya tofauti hiyo ni ya kikemia. Mtambo wa umeme unaweza kubadili kinachochomwa. Tanuri la saruji haliwezi kufanya hivyo na kumaliza tatizo, kwa maana zaidi ya nusu ya hewa ukaa yake hutoka kwenye chokaa chenyewe kinapochomwa kuwa klinka. Tanuri la chuma nalo hutumia makaa kama kemikali ya kuondoa oksijeni kwenye madini, mbali na kuyatumia kama kuni. Ndiyo maana tani moja ya chuma itokayo humo huambatana na takriban tani 2 za hewa ukaa. Kuyabadili matanuri haya kunadai mtambo mpya kabisa.

Sababu ya pili ni ya kisheria, nayo ndiyo inayouhusu uhakiki huu. Kuanzia 2013 wazalishaji wa umeme katika nchi nyingi wanachama walilazimika kununua vibali mnadani, baada ya kuonekana kwamba awali walikuwa wakiwatoza wateja thamani ya vibali walivyopewa bure. Viwanda vizito viliendelea kupewa. Hoja iliyotumika ilikuwa hatari ya uchafuzi kuhama: kwamba kiwanda kikibanwa Ulaya kitafungwa, na bidhaa ileile itatengenezwa kwingine kwa uchafuzi uleule au zaidi. Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya, katika ripoti yake maalumu ya mwaka 2020, ilibaini kwamba vibali vya bure vilifikia zaidi ya asilimia 40 ya vibali vyote vya awamu ya tatu, na kwamba havikuelekezwa ipasavyo kwa wale waliokuwa katika hatari halisi.

Watetezi wa vibali vya bure wana jibu la kinadharia lenye uzito. Wanasema mwenye kibali cha bure akipunguza uchafuzi anaweza kukiuza, hivyo motisha ya kupunguza haipotei. Jibu hili lingetosha kama vibali vingegawiwa bila kujali namna kiwanda kinavyozalisha. Kwa hakika viligawiwa kwa kigezo cha bidhaa, na kigezo kikachagua mbinu. Saruji ni mfano ulio wazi. Kigezo chake kilihesabu tani za klinka, hakikuhesabu tani za saruji. Kiwanda kilichopunguza klinka kwa kuchanganya majivu ya volkano au mabaki ya tanuri la chuma kilipunguza uchafuzi, lakini pia kilipunguziwa vibali. Aliyeendelea na klinka nyingi alipewa zaidi. Katika chuma, kigezo cha chuma cha moto kilifungamana na tanuri la makaa, na kampuni iliyofikiria kuliacha ilikabiliwa na uwezekano wa kupoteza vibali vyake. Kanuni za ugawaji zilianza kurekebisha kasoro za namna hii katika miaka ya karibuni, takriban miongo miwili baada ya mfumo kuanza.

Athari nyingine ilimfikia mnunuzi. Kwa kuwa kiwanda hakikulipa bei kamili, saruji na chuma havikuuzwa kwa bei iliyobeba kaboni. Mhandisi wa daraja hakupata sababu ya kutumia saruji kidogo, wala mjenzi wa nyumba hakupata sababu ya kuchagua mbao. Kwa muhtasari, katika sekta hizi msumeno haukukata mbele wala nyuma.

4.0 Muundo wa Tozo ya Mpakani

Tozo ya mpakani ilitungwa ili kuchukua nafasi ya vibali vya bure. Hoja hii inapotea mara nyingi katika mijadala, ilhali ndiyo nguzo ya Kanuni nzima. Badala ya kumzuia mzalishaji wa Ulaya asihame kwa kumsamehe gharama, sheria sasa inamtoza yeye na kumtoza pia mshindani wake wa nje.

Mwagizaji anatakiwa kutangaza kiasi cha hewa ukaa kilichobebwa na bidhaa, kisha kukabidhi vyeti vinavyolingana na kiasi hicho. Bei ya cheti hufuata bei ya mnada wa vibali. Ikiwa mzalishaji alikwisha kulipa bei ya kaboni katika nchi yake, Ibara ya 9 inaruhusu malipo hayo yakatwe. Kati ya tarehe 1 Oktoba 2023 na 31 Desemba 2025 waagizaji walitoa taarifa tu bila kulipa. Mabadiliko yaliyopitishwa mwezi Oktoba 2025 yalisogeza uuzaji wa vyeti vya bidhaa za mwaka 2026 hadi Februari 2027, na yakamwachilia mwagizaji ambaye bidhaa zake za chuma, alumini, saruji na mbolea kwa pamoja hazizidi tani 50 kwa mwaka.

Muhimu zaidi ni kwamba deni la mwagizaji hupunguzwa ili lilingane na vibali vya bure ambavyo mzalishaji wa Ulaya bado anapewa. Mwenyeji akipewa msamaha mkubwa, mgeni naye hutozwa kidogo. Msamaha ukipungua, tozo inakua. Kimaandishi, huu ni msumeno ukatao mbele na nyuma kwa kipimo kimoja. Lawama ya jumla kwamba Kanuni inamtoza mgeni huku ikimwacha mwenyeji haina msingi katika maandishi yake. Lawama ya kweli inahitaji kutafutwa kwa makini zaidi, katika ratiba na katika mambo yaliyoachwa nje ya hesabu.

5.0 Ratiba ya Miaka Tisa

Sehemu ya vibali vya bure inayobaki kwa sekta zinazohusika na tozo imewekwa wazi mwaka kwa mwaka. Jedwali la 1 linaonesha sehemu hiyo, pamoja na gharama ya mfano wa kubuni: kiwanda kinachotoa tani 2 za hewa ukaa kwa kila tani ya chuma, ambacho kabla ya ratiba kuanza kilipewa bure vibali vya tani 1.5, bei ya kibali ikiwa yuro 75 muda wote.

Jedwali la 1: Vibali vya bure vinavyobaki na gharama ya mfano kwa tani ya chuma

| Mwaka | Vibali vya bure vinavyobaki (asilimia) | Gharama ya mfano (yuro) |
|---|---|---|
| 2026 | 97.5 | 40 |
| 2027 | 95 | 43 |
| 2028 | 90 | 49 |
| 2029 | 77.5 | 63 |
| 2030 | 51.5 | 92 |
| 2031 | 39 | 106 |
| 2032 | 26.5 | 120 |
| 2033 | 14 | 134 |
| 2034 | 0 | 150 |

Kabla ya ratiba, kiwanda hicho kingelipa takriban yuro 38. Katika miaka minne ya kwanza, 2026 hadi 2029, kinaondolewa asilimia 22.5 ya vibali vyake. Katika mwaka mmoja wa 2030 kinaondolewa asilimia 26. Kwa maneno mengine, mwaka huo pekee unabeba mzigo mkubwa kuliko miaka yote minne iliyoutangulia. Waliotunga ratiba wanaweza kusema kwamba viwanda vinahitaji muda wa kujenga mitambo mipya, na hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo, ahadi inayoanza kuuma mwishoni ni ahadi ambayo kutekelezwa kwake kunaachiwa watu wengine. Bunge la Ulaya huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi unaofuata ule wa 2024 unaangukia mwaka 2029. Bunge jipya litakuwa na miezi michache tu madarakani kabla ya mwaka 2030 kuanza.

Historia inatoa sababu ya kutilia shaka. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliingiza safari za ndege za kimataifa katika mfumo wa vibali. China, India, Marekani na Urusi zilipinga, na kufikia mwezi Novemba mwaka huo Kamisheni ilipendekeza utekelezaji kwa safari zinazovuka mipaka ya eneo lake usimamishwe. Kilichotetewa kama msimamo wa kanuni kilirudishwa nyuma ndani ya miezi kumi na moja. Safari hii shinikizo linatoka nje na ndani kwa pamoja. Mwezi Juni 2025 kampuni ya ArcelorMittal ilitangaza kuachana na mipango ya kubadili uzalishaji wa chuma katika miji ya Bremen na Eisenhüttenstadt nchini Ujerumani, ingawa ilikuwa imeahidiwa ruzuku ya yuro bilioni 1.3. Uamuzi huo unaonesha kwamba bei ya kaboni peke yake haijengi tanuri jipya pale ambapo umeme na haidrojeni ni ghali. Unaonesha pia ni hoja gani zitakazotumika ratiba itakapofika penye mwinuko wake.

6.0 Mahali Msumeno Usipokata Nyuma

6.1 Umeme wa Alumini

Kuyeyusha alumini kunahitaji umeme mwingi, takriban saa-megawati 14 kwa tani moja. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya tofauti kati ya alumini safi na alumini chafu inatokana na chanzo cha umeme: bwawa au makaa ya mawe. Lakini Kiambatisho cha Pili cha Kanuni kimeweka alumini, pamoja na chuma na haidrojeni, katika kundi la bidhaa ambazo kwa sasa zinahesabiwa uchafuzi wa moja kwa moja wa kiwandani pekee. Uchafuzi wa umeme haumo. Sababu yake ni ya nyumbani: nchi wanachama zinaruhusiwa kuvifidia viwanda vyao kwa gharama ya kaboni iliyomo katika bei ya umeme, na kumtoza mgeni kwa umeme huku mwenyeji akifidiwa kungekuwa ubaguzi wa wazi.

Uamuzi huo unaepuka ubaguzi, lakini unaharibu kipimo. Kiwanda cha alumini cha Mozal, karibu na Maputo, kilianza uzalishaji mwaka 2000 na kwa muda mrefu kimekuwa nguzo ya mauzo ya Msumbiji nje, Ulaya ikiwa soko lake muhimu. Umeme wake umepatikana kupitia shirika la Eskom la Afrika Kusini, chini ya mpangilio unaofungamana na bwawa la Cahora Bassa katika mto Zambezi. Swali la ni kiasi gani cha umeme huo kihesabiwe kuwa cha maji na kiasi gani kihesabiwe kuwa cha makaa ndilo swali ambalo sera ya tabianchi ilipaswa kulijibu, na ndilo ambalo tozo hailiulizi kabisa. Kiwanda cha umeme wa maji na kiwanda cha umeme wa makaa vinaweza kufika bandarini Rotterdam vikiwa na deni linalofanana. Mwaka 2025 mmiliki mkuu wa Mozal, kampuni ya South32, ilitangaza mpango wa kusimamisha uzalishaji mkataba wa umeme utakapokoma mwezi Machi 2026. Sababu iliyotolewa ilikuwa upatikanaji wa umeme kwa bei inayofaa. Tozo haikuwa chanzo. Tukio hilo linathibitisha kwamba uhai wa kiwanda cha alumini uko kwenye umeme, yaani mahali ambapo Kanuni imefumba macho.

6.2 Mzigo wa Kuthibitisha

Mzalishaji wa nje anatakiwa apime uchafuzi wake kwa mbinu za Ulaya na kuthibitishwa na mkaguzi aliyeidhinishwa. Akishindwa, bidhaa yake hukadiriwa kwa viwango vya jumla vilivyoongezewa kiasi cha tahadhari. Kwa kampuni kubwa hii ni gharama ya kawaida. Kwa kiwanda kidogo inaweza kuwa kubwa kuliko tozo yenyewe, na kiwanda safi kisicho na karatasi kitahesabiwa kuwa kichafu. Msamaha wa tani 50 uliokwisha kutajwa unapimwa kwa mwagizaji aliye Ulaya. Hauzingatii udogo wa mzalishaji aliye Afrika au Asia. Mzalishaji mdogo anayeuza kupitia mwagizaji mkubwa hanufaiki nao.

6.3 Mapato

Fedha za vibali zinazopatikana ndani ya Ulaya zina njia ya kurudi kwa wanaolipa: marekebisho ya mwaka 2023 yanazitaka nchi wanachama kuzitumia kwa tabianchi na nishati, na Mfuko wa Ubunifu unagharimia teknolojia mpya viwandani. Fedha za tozo ya mpakani hazina njia kama hiyo. Mwaka 2021 Kamisheni ilipendekeza asilimia 75 ya mapato hayo yaingie katika bajeti ya Umoja wa Ulaya. Maelezo ya utangulizi ya Kanuni yanazungumzia kuzisaidia nchi zenye maendeleo duni, lakini hakuna ibara inayoyafunga mapato kwa lengo hilo. Wala nchi hizo hazikuondolewa kwenye tozo, tofauti na mpango wa mwaka 2001 unaoziruhusu kuingiza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru. Katika jambo hili msumeno unakata mbele, na unga wa mbao unakusanywa na mwenye msumeno.

7.0 Hoja Kinzani

Hoja nzito zaidi dhidi ya tozo inatokana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, unaotambua kwamba wajibu wa nchi ni wa pamoja lakini unatofautiana kulingana na uwezo na historia. Tani ya hewa ukaa inayotoka Msumbiji kutozwa bei ya tani inayotoka Ujerumani kunaonekana kukiuka msingi huo. Azimio la Nairobi la mwezi Septemba 2023, lililotolewa na viongozi wa Afrika, lilitaka ushuru wa kibiashara wenye sura ya mazingira ujadiliwe na mataifa yote badala ya kuamuliwa na upande mmoja. Azimio hilohilo, hata hivyo, liliunga mkono wazo la mfumo wa dunia wa kodi ya kaboni. Afrika, kwa hiyo, haikuikataa bei. Ilikataa kutoshirikishwa katika kuipanga na katika kugawana mapato yake. Hoja hii haiwezi kujibiwa kwa kurekebisha hesabu za kiwandani. Inajibiwa kwa mapato, na ndiyo maana kasoro ya sehemu ya 6.3 ni nzito kuliko inavyoonekana.

Hoja ya pili inasema kwamba tozo imekwisha kufanya kazi kabla ya kulipwa. China iliingiza chuma, saruji na alumini katika soko lake la vibali mwaka 2025. Uturuki ilipitisha sheria ya tabianchi mwezi Julai mwaka huohuo, na India inajenga soko lake. Punguzo la Ibara ya 9 linazipa nchi hizi sababu ya kutoza wenyewe ili fedha zibaki nyumbani. Ushahidi huu ni wa kweli na unapaswa kukubaliwa, ingawa nchi zenye uwezo wa kuunda soko la vibali si zilezile zilizo hatarini zaidi. Kwa upande wa Kenya, Tanzania na Uganda, athari ya moja kwa moja kwa sasa ni ndogo, kwa kuwa mauzo yao makuu Ulaya, yaani kahawa, chai, maua na matunda, hayamo katika orodha.

Hoja ya tatu hutoka kwa viwanda vya Ulaya vyenyewe: vikipoteza vibali vya bure vitashindwa katika masoko ya nje, ambako hakuna tozo ya kuwalinda. Hofu hiyo ina msingi. Lakini dawa inayopendekezwa mara kwa mara, ya kubakiza vibali kwa bidhaa zinazouzwa nje au kuchelewesha ratiba, ingerudisha hali ya 2005 kwa mlango wa nyuma huku mgeni akiendelea kutozwa. Hapo ndipo ule usemi wa mkuki kwa nguruwe kuwa mtamu na kwa binadamu kuwa mchungu ungepata maana kamili.

8.0 Hitimisho

Uhakiki umeonesha kwamba bei ya kaboni ya Ulaya ni chombo chenye nguvu pale kinapolipwa, na kwamba katika viwanda vizito hakikulipwa kwa kiasi cha kutosha. Tozo ya mpakani ilitungwa ili kuondoa kisingizio cha kutolipa. Kwa sababu hiyo, tozo hii inapaswa kupimwa kwa mambo matatu. La kwanza ni kama ratiba ya vibali vya bure itavuka mwaka 2030 bila kuguswa. La pili ni kama umeme utaingizwa katika hesabu ya alumini na chuma kwa mgeni na mwenyeji kwa pamoja, fidia ya nyumbani ikiondolewa. La tatu ni kama mapato yatafungwa kisheria kwa manufaa ya nchi maskini zinazoyachangia.

La kwanza ndilo msingi wa mengine. Tanuri la chuma hudumu miongo kadhaa, na anayeamua leo kulikarabati tanuri la makaa au kujenga la haidrojeni anaitazama safu ya 2030 katika jedwali na kujiuliza kama ataiamini. Mzalishaji wa Maputo anaitazama safu ileile kwa swali lilelile. Wote wawili watajibiwa na uamuzi mmoja, nao utatolewa na Ulaya juu ya viwanda vyake yenyewe.